Udongo Mkavu Chini ya Mikaratusi

Toroli alikuwa ameshaungama mara mbili, na mara zote mbili aliungama vitu tofauti. Mara ya kwanza alisema alimpiga dereva kwa jembe utosini. Mara ya pili, baada ya kupumzishwa kidogo na kupigwa tena, alisema alimpiga kisogoni. Mkuu wa kituo aliichukua hiyo ya pili kwa sababu ilikuwa na saini inayosomeka.

Inspekta Koleo alimkuta ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, miguu ameinyoosha mbele. Nyayo zilikuwa zimevimba hata vidole havitengani. Kabla ya wiki ile kijana huyu alikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche nje kidogo ya mji, kazi yake kusukuma toroli la udongo tangu asubuhi hadi jioni, na jina lenyewe alilipata hapo. Sasa alikuwa muuaji wa dereva wa malori, mkwe wa mwenye kitalu, na kesho asubuhi angepelekwa mahakamani. Kwa kosa hilo hakimu hana haja ya kufikiri sana. Adhabu yake ni kamba.

"Simama," Koleo alisema.

"Nitasimama, afande, ila itachukua muda."

"Basi kaa. Dereva ulimpiga wapi?"

Toroli aliutazama mlango kwanza. "Leo wanataka wapi?"

Koleo alichutama mbele yake. Jina hilo la Koleo walimpa wenzake, kwa jinsi alivyokuwa akiyang'oa maneno vinywani mwa watu bila kuwagusa hata kidole. Hakuwa mtu mwema, tusidanganyane. Alikuwa mtu asiyependa kazi mbovu, na kipigo alikihesabu kuwa kazi mbovu kwa sababu kinamfanya mtu aseme chochote.

"Mimi sitaki popote," alisema. "Nakuuliza ulivyoona wewe."

"Sikumpiga, afande. Yeye ndiye aliyenizaba kibao mbele ya wateja, nikanyamaza. Ndio huo ugomvi wanaousema. Siku ile ya mvua nilikuwa peke yangu kitaluni. Mama mwenye kitalu na binti yake, mke wa dereva, walikuwa msibani. Jioni nikafunga maji, nikafunga geti, nikalala. Usiku ikanyesha ile mvua. Asubuhi wakarudi, Mama akaniambia nenda kwenu ukapumzike, nikaenda. Nilikuwa kwetu mpaka mlipokuja kunichukua."

"Dereva hukumwona?"

"Hakuja. Kama alikuja, alikuja nikiwa nimeshaondoka."

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Kabla ya mvua, Toroli alikuwa peke yake pale. Baada ya mvua, Toroli alikuwa kwao, na mtaa mzima ulimwona akiziba paa la jikoni kwa mama yake. Dereva alionekana mara ya mwisho na wenzake mchana wa siku ile ile ya mvua, akiegesha lori lake yadi, kisha simu yake ikazimika. Mwili ulinuswa na mbwa wa jirani kwenye mikaratusi nyuma ya kitalu. Aliyejua alizikwa kabla ya mvua au baada yake, alijua nani wa kumtia kamba.

Na Mkuu wa kituo alikuwa anajua. Alikuwa nao ushahidi wenyewe mezani, udongo ndani ya chupa ya jamu, akimwonyesha kila mgeni aliyeingia ofisini.

"Uguse," alimwambia Koleo, akaisukuma chupa. "Huo umetoka juu ya kifua cha marehemu. Mvua ile iliezua paa la soko. Nje ya ile miti gari letu lilizama mpaka ekseli. Halafu udongo huu mkavu kama unga. Amezikwa lini basi? Kabla! Na kabla alikuwepo nani? Udongo hauongopi, Koleo."

"Na daktari je?"

Mkuu alikunja uso. Taarifa ya daktari ilikuwa imefika asubuhi ile. Fuvu la marehemu lilikuwa zima, utosini hata kisogoni. Alichokikuta daktari kilikuwa tumboni: dawa ya kuua wadudu, ile ya kupulizia mboga.

"Basi kesho kabla ya mahakama ataungama dawa," Mkuu alisema. "Stoo ya kitalu imejaa hayo madawa, na ufunguo alikuwa nao yeye. Ni kurekebisha mstari mmoja tu."

"Nani ameiona hiyo taarifa?"

"Daktari, mimi na wewe. Redio imeshatangaza jembe, mtaa mzima unaimba jembe, acha waimbe. Sitaki kuonekana mjinga."

"Nipe mpaka jioni."

"Ya nini?"

"Nikauangalie huo udongo usioongopa."

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Jioni naandika hati ya mashtaka, uwe umerudi au hujarudi."

Koleo alipitia stoo ya vielelezo, akachukua karai lililofunikwa gunia, akalipakia garini. Ndani ya karai kulikuwa na mche mmoja uliopandwa juu ya kaburi lile ili pasijulikane kama pamechimbwa. Siku ya kufukua, askari walitaka kuung'oa na kuutupa. Yeye alichukua sepetu, akaukata pamoja na bonge lake lote la udongo, nao wakamcheka kwamba anataka kwenda kufanya bustani. Konstebo aliyefuatana naye siku hii alikuwa mmoja wa waliocheka. Sasa hakucheka, maana Koleo alimpa kazi ya kulipakata karai lisitikisike njia nzima kuanzia lami ilipoishia.

Mhadhiri wa udongo wa chuo cha kilimo aliwasubiri chini ya mikaratusi, amevaa viatu vya mpira, na pembeni yake dumu la maji aliyoyatia bluu ya kufulia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuzoea madarasa makubwa.

"Inspekta, kabla hujaniuliza kitu, chukua kikombe hiki umwage maji hapo penye vumbi. Taratibu."

Koleo akamwaga. Maji hayakuzama. Yalijikusanya matone makubwa makubwa, yakabingirika, yakavaa vumbi na kusimama pale juu yakitetemeka. Konstebo akachutama kuyatazama. Koleo akalisukuma tone moja kwa kidole, na chini yake udongo ulikuwa mkavu vilevile.

"Unayakataa," alisema.

"Unayakataa kabisa. Majani ya miti hii yana mafuta na nta. Yanaanguka hapa mwaka nenda mwaka rudi, yanaoza, mafuta yanavaa kila chembe ya udongo. Ukishakauka kiangazi kizima, unamwagia na wenyewe unakutazama tu."

"Na mvua iliyozamisha gari letu ilienda wapi?"

"Nyingine ilikaa huko juu kwenye majani ikakaukia huko huko. Nyingine iliteremka na mashina. Tazama."

Akamimina maji ya bluu kwenye shina la mti wa karibu. Yaliteleza juu ya gome laini, yakafika chini, yakatafuta kidogo, kisha yakapotea yote ubavuni mwa mzizi. Mhadhiri akachukua sepetu akakata udongo kando ya mzizi ule, akaacha ukuta ulionyooka ili waone ndani. Bluu ilikuwa imeshuka kwa mistari. Mmoja mnene ulifuata mzizi mpaka chini kabisa. Mwingine mwembamba ulipita kwenye tundu la mzizi uliooza zamani. Mwingine ulikata kona ghafla ukafuata njia ya mchwa. Na katikati ya mistari hiyo udongo ulikuwa wa kijivu, haukuguswa. Mhadhiri aliufikicha kiganjani akaupuliza, ukaruka vumbi usoni mwa konstebo.

"Watu wanadhani maji hushuka sawasawa, kama shuka linalotandikwa kitandani," alisema. "Hapa yana njia zake. Unaweza kusimama mguu mmoja kwenye tope na wa pili kwenye vumbi, mvua ni hiyo hiyo."

"Kwa hiyo ule udongo mkavu juu ya maiti..."

"Hausemi alizikwa kabla ya mvua. Wala hausemi baada. Hausemi kitu."

"Hilo halinisaidii," Koleo alisema kwa ukali. "Nikienda na hilo, mwendesha mashtaka atasema vizuri, udongo umenyamaza, lakini kijana ameungama. Nataka kitu kinachosema baada."

Mhadhiri alifungua mdomo ajibu, lakini Koleo alikuwa ameshaondoa turubai na kuingia mwenyewe kaburini na viatu vyake vya ofisini. Alikuwa ameagiza shimo lifunikwe tangu siku ya kwanza na lisiguswe. Alipiga magoti pale alipolala dereva, akaanza kupapasa kuta, polepole.

Ukuta wa kushoto ulikuwa mkavu isipokuwa sehemu moja. Hapo palikuwa na mzizi mnene kiasi cha kifundo cha mkono, umekatwa na jembe, na kuuzunguka mzizi huo udongo ulikuwa mweusi wenye unyevu. Koleo aligeuka ukuta wa kulia. Mzizi ule ule ulikuwa unaendelea, nao umekatwa. Akaweka kidole.

"Mhadhiri, teremka."

"Nimevaa sketi, Inspekta."

"Teremka."

Akateremka. Koleo alimwonyesha ukuta mmoja, kisha wa pili.

"Mti uko upande gani?"

"Kushoto. Huku kulia hakuna mti, ni ncha ya mzizi tu inayoishia."

"Na unyevu uko pande zote mbili. Sasa niambie. Kama shimo hili lilikuwa limeshachimbwa mvua ikaja, mzizi umeshakatwa, maji yakiteremka na shina na kufuata mzizi, yakifika hapa kwenye mkato yanafanya nini?"

Mhadhiri aliufuata mzizi kwa kidole mpaka kwenye mkato. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, ambayo wanafunzi wake huenda hawajawahi kuisikia. "Yanamwagikia shimoni. Yanalowesha udongo uliofukiwa, na mtu aliye chini yake. Kule ng'ambo hayavuki."

"Shati la marehemu upande huo lilikuwa kavu. Nililivua mwenyewe."

"Basi yalivuka mzizi ukiwa mzima. Maji yalitangulia, jembe likaja baadaye."

"Utayasema hayo mahakamani?"

"Nitayasema na kuyachora."

Koleo alipanda juu, akajipangusa magoti, akamwita konstebo alete karai. Alimwonyesha mhadhiri bonge la udongo alilolikata pamoja na mche. Juu lilikuwa kavu tupu. Chini ya mizizi kulikuwa na unyevu ulioshikamana wenye umbo la bakuli.

"Na hii?"

"Hii si mvua. Mtu alichimba shimo la mche, akamwaga maji ndani, akangoja yanywewe, ndipo akapanda. Watu karibu wote humwagia juu baada ya kupanda."

"Nani hupanda hivi?"

"Muulize mwenye kitalu. Kila kitalu kina mkono wake."

Mwenye kitalu, Mama Miche, alikuwa amekaa kwenye kreti chini ya paa la makuti ya plastiki, amezungukwa na vifuko vya miche mpaka magotini. Mkono wake wa kulia ulikuwa na plasta tangu kwenye vidole hadi juu ya kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa kanga ya zamani. Alivunjika kabla ya kwenda ule msiba wa siku ya mvua, akianguka bafuni. Mdomo wake haukuvunjika.

"Mmeshamnyonga?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Bado, Mama. Kwanza mahakama."

"Mnachelewa. Mtu nimemlisha, nimempa malazi, ananiulia mkwe! Mwanangu amebaki mjane na ujana wote ule. Nikipewa mimi hiyo kamba nitaivuta kwa huu mkono wa kushoto."

"Mama, leo nimekuja na swali la kazi yako," Koleo alisema. Akavuta kreti akaketi mbele yake. Konstebo alisimama nyuma na daftari lake wazi, kama alivyoelekezwa. "Kuna mche nataka uniangalizie. Kapanda fundi au kapanda mbabaishaji?"

Mama Miche aliona raha. Si kila siku serikali inakuja kumwomba ujuzi. Aliliinamia karai, akaugusa mche kwa mkono mzima, akaingiza kidole ubavuni mwa bonge na kukitoa, akakinusa.

"Fundi," alisema.

"Umejuaje?"

"Ona hapa chini. Ona hili bakuli. Udongo huu ni wa mikaratusi yetu ya nyuma, naujua kwa harufu. Ukimwagia juu, maji yanakimbia kama yamefukuzwa, mche unakufa na kiu huku umezungukwa na matope. Nilipoteza miche mingi nilipoolewa hapa, mpaka mama mkwe akaniita mkono wa jivu. Nikajifunza mwenyewe. Chimba, mwaga maji shimoni, ngoja unywe, mwaga tena, ndipo uuweke. Juu usitie hata tone."

"Toroli naye hupanda hivi?"

"Toroli!" Alicheka kwa dharau. "Yule hana subira. Anamwaga juu, huyo, ameondoka. Nilimnyang'anya miche nikampa lile toroli, la sivyo angenifilisi. Afande, kama unataka kunisifia yule muuaji hapa, umepotea njia."

"Kwa hiyo huu umepanda wewe."

"Na mkono huu? Tangu nivunjike sijashika sepetu. Hata kuoga naogeshwa."

"Nani basi?"

"Nani mwingine? Mwanangu! Tupo wawili tu duniani tunaopanda hivi, mimi na yeye. Nilimfundisha akiwa mdogo, kwa bakora. Alikuwa analia, mimi namwambia ngoja, mwanangu, ngoja udongo unywe." Aliutazama mche kwa upendo usiofichika. "Tena ana mkono mzuri kunishinda. Ona ulivyosimama. Umeutoa wapi?"

Koleo angeweza kumshukuru na kuondoka. Angemkamata binti huko getini, na mama huyu angebaki na sifa zake hata kwa saa moja. Lakini shahidi anayekuja kujua baadaye maana ya maneno yake huyageuza. Anayeambiwa hapo hapo, maneno yakiwa yameshaandikwa, hana pa kwenda nayo. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, na siku hii hakuona sababu ya kubadilika.

"Nimeutoa juu ya kifua cha mkwe wako, Mama."

Mkono mzima wa Mama Miche ulikuwa bado juu ya mche. Haukutoka. Konstebo aliacha kuandika, na Koleo akamwashiria kwa jicho aendelee.

"Alizikwa baada ya mvua," Koleo alisema. "Mlipokuwa mmesharudi. Toroli alikuwa kwao."

"Basi ni mimi," Mama Miche alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeupanda. Nilidanganya. Nilimzika mimi."

"Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huu."

"Shimo la mtu mzima, katikati ya mizizi."

"Nilichimba kidogo kidogo." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. "Andika wewe kijana, mbona umesimama? Andika ni mimi."

"Ulimuuaje?"

Macho yake yakakimbilia ukutani, kwenye jembe. "Jembe," alisema. "Nilimpiga. Hapa... nyuma."

Koleo hakumwambia kama ni kweli au si kweli, maana alikuwa ameshasikia viatu nyuma yake. Mjane alikuwa amesimama penye nguzo na sinia la chai, amejifunga nguo nyeusi kichwani. Amesimama hapo tangu lini, hakuna aliyejua. Sinia lilikuwa limetulia, vikombe havigongani. Koleo alilitazama hilo sinia kwanza, kisha akamtazama yeye.

Hapa angeweza pia kumkamata moja kwa moja. Hakumkamata. Alitaka kumpa nafasi, na aliyaona macho ya mama yakimwomba asimpe.

"Dada," alisema, "unasikia anavyosema mama yako? Anasema amemuua mumeo yeye."

Mama Miche alimtazama binti yake kwa nguvu zote, na mdomo wake ulikuwa unasema bila sauti: nyamaza, nyamaza tu. Laiti angenyamaza, Koleo angebaki na mche na mzizi, na wakili mzuri angevichezea mwaka mzima.

Mjane aliweka sinia chini taratibu, akajishika kichwa.

"Mama!" alilia. "Mama, kwa nini? Nilikukosea nini mimi?"

Kilio kilikuwa kizuri. Konstebo hata alipiga hatua ya kumshika asianguke. Mama Miche alifumba macho, na ilionekana kama kifua chake kimetua kidogo. Mtoto amekubali, basi, mambo yameisha.

"Kwa sababu gani amuue?" Koleo aliuliza.

"Alimchukia. Mume wangu alikuwa na mwanamke mwingine huko njiani, alikuja siku tuliyorudi msibani kuchukua nguo zake. Mama alisema hatatoka."

"Na mkono wenye plasta?"

"Mama yangu ana nguvu, afande, nyinyi mnamwona hivi tu. Akiamua jambo lake!"

"Lakini hilo jembe silielewi," Koleo alisema, akajikuna shingo kama mtu aliyeanza kuchoka na kesi. "Mkono wa kushoto, dereva mzima mwenye mwili, anampiga kisogoni mara moja na kumwangusha? Hakimu atanicheka. Nitarudi kwa Toroli tu."

Mjane alimgeukia mama yake upesi. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Mama, mwambie ukweli. Umeshasema, malizia. Usiseme jembe, hawatakuamini. Mwambie ulimtilia ile dawa ya wadudu kwenye maziwa."

Mama Miche ndiye aliyeelewa kwanza. Alifumbua macho.

"Dawa gani?" Koleo aliuliza.

"Ile... ya stoo."

"Toroli aliungama jembe. Redio imesema jembe. Mama yako sasa hivi amesema jembe, kwa kuwa hajui kingine. Dawa anaijua daktari, anaijua mkuu wangu, na mimi. Na maziwa, dada yangu, hata daktari hakuyajua."

Mjane alitazama lango, akalikuta gari la polisi limeegeshwa katikati yake. Kilio kilikatika pale pale, hakikuacha hata kwikwi. Alinyoosha mikono mwenyewe konstebo alipomfikia na pingu, na alipopita mbele ya kreti hakumtazama mama yake.

Koleo akasogea kando akapiga simu kituoni. "Mkuu, tumempata. Ni mke. Toroli aachiwe."

"Leo?" Mkuu aliguna. "Hawezi kutembea, Koleo. Watu watamwona. Ngoja apone kwanza, wiki moja, mbili, ndipo tumwachie vizuri."

"Aachiwe leo. Nitambeba mwenyewe mpaka kwao."

"Utambeba wewe?"

"Mgongoni, mchana kweupe, katikati ya soko. Au umchukue kwa gari lako umpeleke hospitali kabla sijafika. Chagua."

Alipogeuka, Mama Miche alikuwa ameshasimama. Vifuko viwili vya miche vilikuwa vimeanguka miguuni pake na hakuviokota.

"Afande," alisema, "niandike mimi."

"Haiwezekani, Mama. Huna ulichofanya."

"Inawezekana. Yule kijana naye hakuwa na alichofanya, na mlimwandika. Mlimpiga mpaka akakubali. Mimi nakubali bila hata kupigwa." Alishika mkono wa koti la Koleo kwa vidole vya mkono mzima. "Mwenyewe si umesikia? Mwanangu ameshanitoa sadaka. Amenitoa kwa moyo wake, mbele yako. Mnachukua nini tena kwake? Nichukueni mimi, yaishe."

Koleo aliutoa mkono ule kwenye koti lake, kidole kimoja kimoja, akaenda garini.

Mama Miche alimpita njiani, mbiombio, plasta ikimgonga kifuani. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akaketi pembeni ya binti yake, akauvuta ule mnyororo wa pingu kuja mapajani kwake. Binti aligeuzia uso dirishani. Ilibidi konstebo na Koleo wamtoe mama kwa nguvu, mmoja kwapani, mmoja miguuni, na walipofanikiwa kuufunga mlango, yeye alibaki amesimama pale pale kwenye kioo, akimwambia mtoto wake asiogope.